Waliolala Ukumbini

Kwa miaka kumi na mbili wifi yangu alikuwa na kazi mbili, moja ya kulipwa na moja ya kujitolea. Ya kulipwa ilikuwa kuongoza wasafishaji wa ukumbi wa sherehe. Ya kujitolea ilikuwa kuwafunika watu waliolala.

Ukumbi ulikuwa wa watu mia nne, na tulifungua milango saa moja asubuhi. Asiyewahi kusafisha ukumbi hajui watu wanaacha nini nyuma yao. Vikombe, maputo, kope za bandia, na kila Jumapili kiatu kimoja cha kike. Sijawahi kuelewa mtu anafikaje nyumbani na kiatu kimoja. Na katikati ya takataka hizo, hakukosekana mtu mmoja au wawili walioshindwa kuondoka, wamejilaza kwenye viti walivyoviunganisha au chini kabisa, karibu na nguzo.

Wifi yangu aliitwa Mama Vitambaa, kwa sababu vitambaa vya meza vilikuwa chini yake: vyeupe, mia moja na ishirini, kila kimoja kina namba iliyoshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Mimi ndiye niliyevipiga pasi. Mume wangu, mdogo wake, ndiye aliyekuwa akipiga muziki humo humo, na kila mtu alimwita Dijei, hata mama yake mzazi. Kwa kifupi, ukoo mzima tulikula kutokana na ukumbi ule, na tulibishana humo pia.

Kuhusu waliolala, Mama Vitambaa alikuwa na sheria zake. Mgeni haamshwi, maana mgeni aliyeamshwa vibaya huenda kushtaki kwa meneja. Mali ya mgeni haiguswi, na simu yake haipokelewi hata ilie vipi. Sheria hii ilitokana na kisa. Mwenzetu mmoja aliwahi kupokea simu ya bwana aliyelala, upande wa pili akawa mke wa bwana, akasikia sauti ya mwanamke asubuhi ile. Ukumbi uligeuka uwanja wa ndondi, na mwenzetu akafukuzwa kazi. Sheria ya mwisho ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote: anayekoroma hana neno. Tulipita, tukasikiliza, tukisikia mkoromo tunasema, "Huyu mzima," Mama Vitambaa anamtupia kitambaa cha jana kumkinga na ubaridi wa sakafu, tunafagia kumzunguka.

Nasema haya yote ili mjue kwamba tulifanya kwa wema. Sitaki mtu anisikie halafu afikiri tulikuwa wakatili.

Asubuhi ile ilikuwa baada ya sherehe ya wahitimu wa chuo. Binti mmoja alikuwa chini ya nguzo ya tatu, chali, gauni la buluu, viatu vyote viwili miguuni. Alikuwa anakoroma kwa kishindo. Mkoromo wenyewe ulikuwa na maji maji ndani, unapanda, unakatika, unakaa kidogo, kisha unarudi kwa nguvu. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mtu mmoja akasema tumepata jenereta jipya. Nikasema mimi, kwa mdomo wangu huu, kwamba atakayemwoa itabidi anunue pamba ya masikio. Mama Vitambaa akachukua kitambaa namba arobaini na moja, akamfunika mpaka kidevuni, akamchomekea pembeni kama mtoto.

Simu ya binti ikalia ndani ya mkoba wake. Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Hatukuigusa.

Ilipofika saa tatu hivi akanyamaza. Nakumbuka nilisema, "Afadhali." Nakumbuka kabisa, kwa sababu neno hilo nimelitafuta mara nyingi nilirudishe mdomoni. Tukaendelea kupiga deki. Saa nne Mama Vitambaa alikwenda kuchukua kitambaa chake apate kuhesabu, akagusa mkono wa binti, akapiga ukelele ambao sijausikia kwake kabla wala baada.

Hospitali walipokea mwili tu. Tulibaki kwenye benchi la nje kusubiri polisi watuhoji, nesi mmoja akatuuliza tulimkuta vipi. Mama Vitambaa akamweleza. Nesi hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Wamemkuta na vidonge kwenye mkoba," alisema. "Vile vikali vya maumivu, wanavimeza kwenye sherehe ili wajisikie wanaelea. Ukichanganya na pombe mwili unalegea mpaka ulimi unaziba koo, na kichwa kinasahau kupumua. Ule haukuwa usingizi, mama. Mlichosikia ni pumzi inatafuta njia."

Mama Vitambaa akauliza, "Kwa hiyo alipokuwa anakoroma, angeweza kuokolewa?"

"Ndiyo."

Neno moja tu. Mtu anaweza kuzeeka mchana mmoja, nimeona kwa macho yangu.

Mama wa binti alifika akiwa na utepe wa kupimia nguo bado shingoni, maana alikuwa mshonaji na alitoka mbio kwenye cherehani. Akatushika mikono, akatuuliza kama mwanawe aliteseka. Wifi yangu akasema, "Tulimkuta ameshatangulia, mama." Nami nikaitikia kwa kichwa. Polisi tuliwaambia hivyo hivyo.

Kitambaa namba arobaini na moja hakikurudi mezani. Kila wiki nilipohesabu nguo za kupiga pasi nilipata mia moja na kumi na tisa, na sikuuliza.

Baada ya hapo Mama Vitambaa alibadilika hadi akawa kero. Sheria zote akazifuta. Sasa kila aliyelala alitikiswa, akaitwa kwa sauti, akasuguliwa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Akiamka na kutukana, Mama Vitambaa anashukuru, "Tukana baba, tukana, kutukana ni afya." Asipoamka, tunaangalia midomo na kucha kama zimegeuka rangi, tunamlaza ubavu, mmoja anapiga simu ya gari la wagonjwa na mwingine haondoki hapo. Alitufundisha nesi yule yule, kwenye ua wa ukumbi, akimtumia mlinzi kama mgonjwa. Mlinzi alilala usingizi wa kweli katikati ya somo. Meneja alilalamika kwamba tunawaudhi wageni. Mama Vitambaa akamjibu kwamba mgeni aliyeudhika anarudi wiki ijayo, na aliyekufa harudi. Katika mwaka mmoja na nusu alikwisha kupakia wanne kwenye gari la wagonjwa, na wote wanne walirudi majumbani kwao.

Alianza pia kusoma takataka. Kabla ya hapo ufagio ulikuwa ufagio. Sasa alikuwa akiinama, anaokota kikaratasi cha vidonge, anakigeuza kwenye mwanga, anajua. Na hapo ndipo tulipokosana, kwa sababu vikaratasi vingine aliviokota nyuma ya spika, mahali ambapo mgeni haingii. Huko anakaa mtu mmoja tu.

Nitamwelezea mume wangu kwa haki. Dijei si mlevi wa kuanguka mitaroni. Alianza na vidonge vya kumtoa usingizi, kwa sababu mpiga muziki anakesha Ijumaa, anakesha Jumamosi, na mchana ana harusi. Halafu akawa halali hata akitaka, macho yamemtoka kama taa, basi akapata vidonge vingine vya kumlaza. Vya kuamka na vya kulala, kama mtu anayewasha na kuzima redio. Alikonda. Mikono ilimtetemeka mpaka akawa anamwaga chai. Watoto walipomsemesha aliwajibu baada ya muda, kama vile swali limetoka mbali. Mimi nikasema ni uchovu. Watu walipouliza nikasema ni uchovu. Nilisema hivyo mpaka nikaamini.

Siku moja, sote tumekaa kwa mama mkwe, Mama Vitambaa akamwaga kitu mezani kutoka kwenye mfuko wa aproni yake. Vikaratasi vitupu kumi na vitatu.

"Hivi nimevifagia nyuma ya spika mwezi huu," alisema. "Mdogo wangu anajiua, na mke wake anajua."

Dijei akacheka, akasema ni vya wapiga vyombo. Mimi sikucheka. Nilimvaa wifi yangu hapo hapo. Nikamwambia aache kumfukunyua mume wangu kama pipa la taka, nikamwambia tangu yule binti afe anaona maiti kila mahali, na mwisho nikamwambia kwamba kama kuna mtu aliyemuua mtu mle ukumbini, si mume wangu. Mama Vitambaa akakusanya vikaratasi vyake kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni, akaondoka.

Tulinuniana miezi miwili, na tunafanya kazi chumba kimoja. Mtu asiyejua wifi na wifi wanavyonuniana angeweza kucheka. Alikuwa anasimama hatua tatu kutoka kwangu na kumwambia mlinzi, "Mwambie anayepiga pasi kwamba namba sabini ina mkunjo." Nami namjibu mlinzi, "Mwambie mwenye vitambaa kwamba namba sabini imezeeka kama yeye." Mlinzi maskini akawa anabadili njia yake asipite chumbani kwetu.

Ikaja Jumapili moja ambayo haikuwa zamu yangu. Dijei alirudi asubuhi kutoka kazini, akazunguka nyumba kama simba aliyefungiwa, akagombana na kabati, akagombana na mlango. Saa sita mchana akaingia chumbani. Saa saba nikasikia anakoroma.

Nilifurahi. Lazima niliseme hili kama lilivyokuwa: nilifurahi kutoka moyoni. Nikawaambia watoto watoke wakacheze nje, baba amepata usingizi. Nikaingia kwa vidole vya miguu, nikavuta pazia, nikamfunika shuka mpaka kidevuni. Ndiyo, mimi. Niliyekuwa pale chini ya nguzo ya tatu, niliyesikia maneno ya nesi kwa masikio yangu, niliyesomeshwa uani na kufaulu. Ukumbini ningejua. Nyumbani mume wangu amekoroma tangu tuoane, na mtu hamkagui mumewe kama mgeni. Nikafunga mlango polepole, nikaenda kuosha vyombo.

Saa nane kasorobo pikipiki ikasimama mlangoni kwa breki za ghafla. Mama Vitambaa akashuka na aproni ya kazini, bila viatu vya kutokea, na mkononi ana vikaratasi viwili alivyovifagia nyuma ya spika, kimoja cha vidonge vya kulala na kingine cha vile vikali vya maumivu, vyote vitupu.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili kunisemesha. "Yuko wapi?"

"Amelala," nikasema, na nikaweka kidole mdomoni. "Shh. Usimwamshe."

Akasimama akasikiliza. Kutoka chumbani ulikuja ule mkoromo, wa maji maji, ukapanda, ukakatika. Tukasubiri urudi, na haukurudi upesi. Niliona uso wa wifi yangu, na hapo hapo nami nikasikia nilichokuwa nakisikia muda wote ule.

Alinipiga kikumbo mpaka nikagonga jokofu. Alipovuta pazia tukaona midomo ya mume wangu imekuwa ya kijivu. Akamtikisa, akamwita kwa jina lake la utotoni, akamsugua kifua kwa vifundo kwa nguvu ambazo ziliacha alama wiki nzima. Hakuna. "Piga simu!" akanikemea, nami vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi mtoto wangu mkubwa anibonyezee namba. Akamwinua kidevu, akambana pua, akaanza kumpulizia pumzi mdomoni, anahesabu, anapuliza, anahesabu. Kati ya pumzi na pumzi alikuwa anamtukana. Matusi ya utotoni, ya kugombea sahani. Kifua cha Dijei kilikuwa kinapanda kwa pumzi ya dada yake, na kwa dakika kumi na saba hakikuwa na pumzi nyingine ya kutosha.

Wahudumu wa gari walimchoma sindano pale pale kitandani, wakamchoma ya pili njiani. Alifumbua macho, akamwangalia dada yake, akasema, "Mbona unanilia?" Mama Vitambaa akamzaba kibao. Mhudumu akasema hilo halimo kwenye matibabu.

Sitasema amepona. Watu wanapenda niseme hivyo, na mimi nakataa. Anakwenda kliniki kila Jumanne na Ijumaa. Mwezi wa tatu wa kliniki alirudia vidonge, akatuficha, akatuambia mwenyewe baada ya siku nne, akalia kama mtoto. Muziki wa usiku ameacha, sasa anafunga spika kwenye mikutano ya mchana na kurudi kabla ya giza. Mikono inatetemeka bado, ila kidogo. Na tuna makubaliano mimi na yeye: kila siku niwapo nje, saa kumi kamili ananipigia simu. Asiponipigia, naacha chochote nilicho nacho mkononi narudi nyumbani mbio. Sina aibu nalo hilo. Mara mbili nimerudi mbio na kumkuta amesahau tu, anakata kucha.

Mimi na wifi tulipatana pale pale kwenye benchi la hospitali, benchi lile lile. Nilimwomba radhi kwa lile neno la kuua. Akasema halikuwa uongo.

"Mdogo wangu amepumua," akasema. "Mimi sasa lazima niende kwa yule mama."

Ilimchukua miezi mitano kupiga moyo konde. Tulikwenda Alhamisi, mchana. Mama wa binti anashonea sebuleni kwake, sare za shule zimerundikwa hadi dirishani. Alitukumbuka. Alisogeza sare tukapata pa kukaa, akatutengea chai ambayo hatukuweza kuinywa.

Mama Vitambaa hakuzunguka. "Mama, siku ile nilikudanganya. Mwanao hatukumkuta ametangulia. Tulimkuta anakoroma, tukafikiri ni usingizi. Nilimfunika. Tulifagia pembeni yake kwa saa mbili nzima. Tungeita msaada angeweza kupona. Sikujua, lakini nilikudanganya nikijua."

Mama yule alikuwa ameshika mkono wa shati ambao haujaunganishwa. Akaukunja, akaukunjua.

"Alinyamaza saa ngapi?"

"Saa tatu, kama sikosei."

Akawa anahesabu kimya kimya, midomo inacheza. "Nilimpigia saa mbili na robo. Nikampigia mara nne."

"Tuliisikia," nikasema mimi, maana sikutaka wifi abebe peke yake. "Ilikuwa kwenye mkoba. Tulikuwa na sheria ya kutoshika simu ya mgeni."

Nilijikaza nikingoja atufukuze. Haki yake ilikuwa kutufukuza, na kutupiga pia.

"Tuligombana kabla hajaenda kwenye hiyo sherehe," akasema hatimaye. "Nilimpigia nimwombe radhi. Miaka miwili sasa, usiku na mchana, nasema aliiona simu yangu akakataa kupokea." Akaweka ule mkono wa shati kwenye meza ya cherehani, akaulainisha kwa kiganja. "Kumbe hakuisikia."

"Hakuisikia, mama," wifi yangu akasema. "Hakuwa na uwezo wa kuisikia."

Hapo mama yule akalia, na Mama Vitambaa akalia, na mimi nikaangalia sare za shule kwa sababu sikujua pa kuangalia. Ndipo simu yangu ikaanza kulia ndani ya mkoba. Ilikuwa saa kumi kamili. Nikaingiza mkono haraka niizime, nimeona haya mpaka masikio yanawaka.

Mama wa binti akanishika mkono. Alikuwa na kiganja kigumu, cha mtu wa mkasi.

"Pokea," akasema.

Nikapokea. Mume wangu alikuwa anauliza chumvi nimeiweka wapi. Nikamwambia rafu ya juu, nyuma ya kopo la sukari, na wale akina mama wawili wakanyamaza kusikiliza mpaka akaipata.